Matunzo baada ya talaka: nani anapima magunia ya Kabanga?

Mkufunzi wa Chuo cha Ualimu Kabanga, mkoani Kigoma, akitalikiana na mkewe, hakimu huanza hesabu na hati ya mshahara. Jirani yake anayelima maharage hana hati hiyo. Msimu mmoja anajaza ghala, unaofuata mvua inamgomea, na alichouza amelipwa taslimu, bila risiti.

Wote wawili wanahukumiwa kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, isiyo na jedwali wala asilimia. Kifungu cha 116 kinamtaka hakimu atazame kwanza uwezo wa mtoaji na mahitaji ya mpokeaji. Kisha apime nani alichangia zaidi ndoa kuvunjika, tena azingatie mila za jamii yao. Kipimo cha lawama kinanitatiza. Mke aliyekosa naye anakula.

Wengi hudhani talaka huja na matunzo. Haiji nayo. Chini ya kifungu cha 115, baada ya talaka hakimu huamuru matunzo pale tu penye sababu maalumu. Mke aliyetelekezwa anaweza kuyadai ndoa ikiwa bado hai, na hapo ndipo madai yake yana nguvu. Kwa ndoa ya Kiislamu, matunzo hayavuki eda. Na kwa kawaida shauri la talaka halipokelewi kabla baraza la usuluhishi halijathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha.

Kwa kuwa matunzo baada ya talaka ni finyu hivyo, ugomvi mkubwa huwa wa mali, kifungu cha 114: nyumba, mbuzi, shamba la kahawa. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitamka kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Hukumu hiyo husifiwa kila mahali. Husahaulika kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu, kwa kuwa mumewe alikuwa amempa fedha za biashara naye akazitapanya.

Tukirudi kwenye matunzo, mke wa mkulima athibitishe vipi uwezo wa mumewe? Kwa mashahidi: majirani wanaojua ekari ngapi zinalimwa, mwenyekiti wa kijiji, mnunuzi aliyebeba magunia, daftari la kikoba. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kusikiliza shauri hili, kwa hiyo hakuna haja ya kupanda basi hadi Kigoma mjini. Amri ikishatoka si ya kudumu: mambo yakibadilika huombwa irekebishwe, na mtalaka akiolewa na mwingine haki yake inakoma.

Wanaume nao wamo. Muuguzi wa Hospitali ya Kabanga mwenye mshahara anaweza kuamriwa amtunze mume ambaye ugonjwa au jeraha limemwondolea uwezo wa kujipatia riziki, mradi kipato cha mke kinaruhusu.