Maji Baridi Juu ya Maji Chumvi

Ndani ya Ngome ya Yesu mjini Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, kuna kisima kirefu na kuna birika la maji ya mvua. Birika lilihitajika kwa sababu kisima kilitoa maji chumvi. Na leo hii, ukipita mtaa wa Kibokoni asubuhi, utapishana na mkokoteni uliosheheni mitungi ya lita 20, maji yanapelekwa nyumbani.

Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, wenye vitundu kama sifongo. Mvua ikipenya humo, maji baridi huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo huwa na takriban mita 40 za maji hayo. Hesabu hiyo inatisha ukiigeuza: vuta maji mpaka yashuke mita 1, na baada ya muda chumvi itapanda mita 40.

Ukivuka Likoni kwenda Kwale, wakulima nao huchimba visima ili kumwagilia. Huko ndiko vihisi, yaani vifaa vya kupimia, vinakofaa, ili wasivute maji kupita kiasi. Kihisi cha unyevu huchomekwa ardhini karibu na mizizi, kikapima jinsi udongo unavyohifadhi chaji ya umeme. Maji huihifadhi takriban mara 80 kuliko hewa, udongo mkavu mara 3 hadi 5 tu. Vipimo husafiri kwa mtandao wa simu, na valvu ya maji hufunguka au kujifunga yenyewe.

Lakini chumvi hupitisha umeme, nayo hukidanganya kihisi cha bei nafuu: udongo husomeka umelowa, kumbe mmea una kiu.

Teknolojia ya vihisi si ngeni kwetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa kwenye mipini ya pampu za mkono, kwanza katika eneo la Kyuso, kisha Kwale. Mpini ulipopandishwa na kushushwa, kifaa kilihesabu, kisha kikatuma ujumbe. Kule Kyuso, pampu iliyoharibika ilikuwa ikingoja fundi kwa wastani wa siku 27. Muda huo ukashuka chini ya siku 3.

Kwa hiyo ndugu mkulima wa pwani, kabla ya kununua kihisi cha udongo, nunua cha kisimani: kinachopima kina cha maji na chumvi yake. Chumvi ikianza kupanda, zima pampu siku hiyo hiyo.