Ini Halisafishwi kwa Mafuta na Ndimu

“Daktari, nitumie dawa gani ya kusafisha ini ili uvimbe uyeyuke?” Anayeuliza huwa ameshika karatasi ya ultrasaundi iliyoandikwa “hemanjioma”, na mara nyingi alikwenda kupimwa kwa jambo jingine kabisa, labda mawe ya nyongo au maumivu ya tumbo. Karatasi inasema uvimbe ni wa mishipa ya damu na si saratani. Yeye amesoma neno moja tu: uvimbe.

Hemanjioma ni fundo la mishipa iliyotanuka, na damu hupita humo polepole. Hamna uchafu uliotuama wala mafuta ya kuyeyushwa.

Hata hivyo, biashara inaendelea. Mgonjwa anauziwa mafuta ya zeituni, maji ya ndimu na haluli, anaambiwa anywe usiku na kukagua choo asubuhi. Kweli anakuta vipande laini vya kijani, anavipiga picha na kuwarushia ndugu kwenye WhatsApp. Mwaka 2005 jarida la Lancet lilichapisha taarifa kutoka New Zealand kuhusu mwanamke wa miaka 40 aliyetoa “mawe” ya aina hiyo baada ya kunywa mafuta ya zeituni, ndimu na juisi ya tufaa. Maabara iliyapasha moto hadi nyuzi 40 za Selsiasi, yakayeyuka yakawa majimaji ya kijani yenye mafuta. Hayakuwa na kolestro, bilirubini wala kalsiamu. Asilimia 75 ilikuwa asidi za mafuta. Ilikuwa sabuni, iliyotengenezwa tumboni kwa mafuta aliyokunywa mwenyewe.

Kisha kuna ushuhuda: “Nilitumia miezi sita, uvimbe haukukua.” Hemanjioma nyingi hazikui hata kwa asiyekunywa chochote! Muuza dawa angepata wapi ugonjwa mwema kuliko huo? Na zile milimita chache zinazodaiwa kupungua zinaweza kuletwa na mpimaji mwingine, mashine nyingine au pembe tofauti ya kipimo.

Swali la maana ni kama picha ina sura ya kawaida ya hemanjioma. Kwenye ultrasaundi, hemanjioma huwa doa jeupe lenye kingo safi. Kwa mtu asiye na homa ya ini sugu, makovu ya ini wala historia ya saratani, mara nyingi hilo linatosha. Kwenye CT yenye kontrasti, mwangaza huanzia pembeni kwa mabonge yaliyoachana, kisha huelekea katikati taratibu, ukilingana na wa damu iliyo kwenye mishipa mikubwa. Katika picha za MRI za aina ya T2, uvimbe hung'aa kama balbu.

Kazi ngumu iko kwa zile zenye sura adimu. Hemanjioma ndogo inaweza kujaa kontrasti mara moja, ikafanana na saratani ya ini. Tofauti ni kwamba saratani kwa kawaida baadaye huonekana hafifu kuliko ini linaloizunguka, ilhali hemanjioma hubaki sambamba na damu. Hemanjioma iliyojaa makovu haing'ai vizuri na huweza kuvuta ganda la ini kwa ndani, ikaonekana kama saratani iliyosambaa kutoka kwingine. Kontrasti inayofyonzwa na seli za ini, kama gadoksetati, nayo huweza kuifanya hemanjioma ionekane imefifia mapema, na msomaji wa picha asiye makini akadanganyika. Mwaka 2016 wataalamu walieleza uvimbe adimu wa mishipa midogo unaojipenyeza katikati ya seli za ini, ambao bado haujathibitishwa kuwa salama moja kwa moja. Huo hautambuliki kwa picha pekee.

Basi, kwa haraka: sura ya kawaida na hakuna maumivu, iache. Kuna shaka, fanya MRI yenye kontrasti. Mwenye figo dhaifu aseme mapema. Mwenye homa ya ini aina ya B au makovu ya ini asiridhike na ultrasaundi peke yake. Kuchukua kinyama cha uvimbe ili kipimwe ni hatua ya mwisho, kwa mkono wa mtaalamu, sindano ipite kwanza kwenye sehemu ya ini isiyo na uvimbe ili kupunguza hatari ya kuvuja damu. Upasuaji au kuziba mshipa ni kwa uvimbe unaotesa kweli. Na unapokwenda kwa daktari mwingine, beba CD yenye picha zote za awali, maana karatasi ya majibu peke yake haimwezeshi kulinganisha chochote.