Siku ya Kwanza Unguja: Mwili Nao Huhitaji Muda wa Kufika

Boti iendayo kasi kutoka Dar es Salaam hufika bandari ya Malindi, Unguja, kwa takriban saa mbili. Abiria wengi hushuka jua likiwa utosini, mizigo mikononi, na macho yao yakiwa tayari yamekwenda mbele yao kwenye majumba meupe ya Mji Mkongwe. Chukulia kuwa miongoni mwao yupo mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 64, aliyefuatana na binti yake. Wametoka Mbeya, mji wa baridi ulio takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Wamekaa kwenye basi usiku kucha, zaidi ya kilomita 800, kisha wakapanda boti. Mwalimu anaishi na kisukari na shinikizo la juu la damu. Hutumia insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni, pamoja na dawa ya kuongeza mkojo.

Wana siku chache tu za kukaa, na mwalimu ameisubiri safari hii tangu alipokuwa akifundisha somo la historia. Kwa hiyo ratiba yao ya siku hiyo imejaa: soko la Darajani, kanisa la Mkunazini lilipokuwa soko la watumwa, boti ya kwenda kisiwa cha Changuu kabla ya magharibi, kisha chakula cha usiku Forodhani. Mwalimu amejidunga dozi yake asubuhi kama kawaida, lakini kwa kuogopa kichefuchefu cha baharini hakula ila kipande kimoja cha mkate. Saa nane mchana, katika uchochoro wa Mkunazini, anaanza kutoka jasho jingi. Mikono inamtetemeka, na majibu yake hayaendani na maswali anayoulizwa. Binti anamwambia, “Mama, ni jua hili,” anamketisha kivulini na kumpa maji.

Kivuli na maji si makosa. Ila huenda tatizo kubwa zaidi ni sukari iliyoshuka, na maji matupu hayaipandishi sukari. Mfano huu ni wa kubuni, lakini mhudumu yeyote wa afya atautambua, kwa kuwa kila kilichomo ni cha kawaida: usingizi mchache, mlo ulioahirishwa, dawa iliyotumiwa kwa mazoea, jua la ugenini, na ratiba iliyopangwa na mtu aliyekuwa bado nyumbani kwake.

Kufika zamani na kufika sasa

Kwa karne nyingi hakuna aliyefika Unguja ghafla. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalisukumwa na upepo wa kaskazi, unaovuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi mwezi wa Machi. Wenye majahazi walilazimika kungoja kusi ndipo warudi makwao, na katika miezi hiyo ya kungoja mwili wa mgeni ulipata nafasi ya kuzoea joto, maji na chakula cha kisiwani.

Hata hivyo safari za zamani zilikuwa na hatari zake. Katika miaka ya 1869 na 1870 kipindupindu kiliua watu wengi sana mjini Zanzibar. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi mjini humo wakati wa mlipuko huo, alichapisha mwaka 1876 kitabu kilichofuatilia jinsi ugonjwa ulivyosafiri pamoja na misafara na vyombo vya biashara. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliwaletea wakazi maji ya chemchemi kwa mabomba. Baadaye kisiwa cha Changuu, ambako jengo lililokusudiwa kuwa jela lilisimamishwa katika miaka ya 1890, kilitumika kuwa karantini ya wasafiri. Watalii wa leo wanaokwenda kuwatazama kobe wakubwa wanatembea mahali ambapo wageni wa zamani walizuiliwa wapumzike na kuangaliwa afya zao kabla ya kuendelea na safari.

Siku hizi hakuna upepo wala karantini inayomzuia msafiri mwenye afya njema. Kinachobaki ni uamuzi wake mwenyewe.

Kinachotokea mwilini

Mwili wa mtu aliyezoea baridi huhitaji takriban wiki moja hadi mbili kuzoea joto. Katika muda huo hujifunza kutoa jasho mapema zaidi, kuhifadhi chumvi, na kuupunguzia moyo kazi. Siku ya kwanza hakuna hata moja kati ya hayo lililokwisha kufanyika. Joto la Unguja lina unyevu mwingi, hasa wakati wa kaskazi, kwa hiyo jasho linatiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Wazee wamo katika hatari zaidi kwa sababu hisia ya kiu hupungua kadiri umri unavyosonga. Anayetumia dawa ya kuongeza mkojo hupoteza maji kwa njia mbili kwa pamoja.

Kwa anayetumia insulini, joto na kutembea huongeza mtiririko wa damu kwenye ngozi na misuli, hivyo dawa inaweza kuingia mwilini haraka kuliko kawaida. Kukaa muda mrefu kwenye basi au ndege, hasa zaidi ya saa nne, huongeza uwezekano wa damu kuganda katika mishipa ya miguu. Mguu mmoja unaovimba na kuuma, au pumzi inayokata ghafla baada ya safari, ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Aliyevuka kanda kadhaa za saa, kwa mfano kutoka London au Toronto kuja kuwaona ndugu, ana tatizo la ziada: saa ya mwili hurekebika kwa takriban kanda moja kwa siku, na usingizi ukipungua, umakini nao hupungua.

Ugumu ni kwamba dalili hufanana. Jasho, udhaifu, kizunguzungu na kuchanganyikiwa vinaweza kutokana na joto au na kushuka kwa sukari. Kwa mtu anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, kanuni ni moja: pima. Kipimo kikisoma chini ya milimoli 4 kwa lita, au kama kipimo hakipo, mpe gramu 15 za sukari ya kuyeyuka haraka, sawa na vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15, pima tena, na rudia kama haijapanda. Ikisha kupanda, mgonjwa ale chakula. Asiyeweza kumeza au aliyepoteza fahamu asipewe kitu chochote mdomoni. Alazwe ubavu na apelekwe hospitali. Mtu ambaye ngozi yake ina joto kali na ambaye amechanganyikiwa huenda amepatwa na kiharusi cha joto: amwagiwe maji, apepewe, na apelekwe hospitali bila kuchelewa. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko pembezoni mwa Mji Mkongwe, upande wa kusini, na ni busara mgeni ajue ilipo kabla hajaihitaji.

Mji uliojengwa kwa kulijua jua

Mji Mkongwe, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, wenyewe unamfundisha mgeni namna ya kuutembelea. Vichochoro vyake ni vyembamba ili nyumba ya upande mmoja iupe kivuli upande wa pili. Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene na huchelewa kupata joto. Mbele ya nyumba nyingi ipo baraza ya kukalia, ambako wenyeji hunywa kahawa na kuzungumza. Saa za adhuhuri shughuli hupungua, na jioni watu hutoka tena. Anayekwenda mbio saa saba mchana anashindana na hekima ya mji mzima.

Mila za mapokezi nazo zinasema vivyo hivyo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutajwa sana kwa ajili ya lile jembe, lakini zile siku mbili nazo zina maana yake: mwenyeji alijua kwamba aliyetoka safari hafai kwa kazi kabla hajapumzika.

Ratiba inayofaa

Siku ya kwanza basi ipangwe kwa kupunguza. Mgeni akishuka bandarini aende moja kwa moja anakofikia, ale, anywe maji, atumie dawa zake kwa wakati na alale kidogo. Aliyevuka bahari mbali alale muda mfupi tu, ili usiku asikose usingizi.

Kuanzia saa kumi jioni, matembezi mamoja yanatosha, na ufukwe wa Mizingani unafaa kuliko mahali pengine. Kutoka karibu na bandari hadi bustani ya Forodhani hapafiki kilomita moja. Njia ni tambarare, upepo wa bahari unavuma, na anayechoka anaweza kurudi kwa gari dakika yoyote. Jengo la kwanza kukutana nalo ni la tiba: Zahanati Kongwe, yenye baraza za mbao zilizonakshiwa. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 kwa ufadhili wa mfanyabiashara Tharia Topan, ambaye alifariki mwaka 1891 kabla ya jengo kukamilika mwaka 1894. Mbele yake kuna jumba la kifalme la pwani, kisha Beit el Ajaib iliyojengwa mwaka 1883, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, halafu Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kuondoka. Pwani hii inatazama magharibi, kwa hiyo matembezi humalizika jua likitua.

Forodhani usiku ina urojo, mishikaki, samaki na juisi ya miwa. Chakula kilichopikwa mbele ya mlaji na kutolewa kikiwa cha moto ni salama kuliko kilichokaa wazi tangu magharibi. Mwenye kisukari akumbuke kwamba glasi ya miwa ni sukari tupu: ni dawa nzuri sukari ikishuka, na ni mzigo kwa siku nyingine zote. Katika mwezi wa Ramadhani chakula cha mchana huwa adimu nje ya hoteli, hivyo mgonjwa anayelazimika kula abebe chakula chake na ale faraghani kwa heshima.

Asubuhi ya siku ya pili, kabla ya saa nne, ndiyo ya Darajani, Hamamni na Mkunazini. Vyumba vya chini huko Mkunazini vina dari fupi na hewa nzito. Mwenye pumu, maumivu ya mgongo au moyo dhaifu aingie kwa muda mfupi, au asiingie. Safari za mbali ziachiwe siku ya tatu: Changuu, mashamba ya viungo, na msitu wa Jozani wenye kima punju, ulio takriban kilomita 35 kutoka mjini.

Mkoba wa dawa na maswali ya kliniki

Dawa zikae katika mkoba wa mkononi, kamwe zisiwekwe kwenye mzigo unaopakiwa chini ya basi au ndani ya buti, ambako joto huziharibu. Msafiri abebe za ziada, pamoja na karatasi yenye majina halisi ya dawa na dozi zake. Palipokosekana jokofu, insulini ndani ya mfuko usiopitisha maji inaweza kuhifadhiwa kwenye chungu cha udongo kilicholoweshwa na kuwekwa kivulini penye upepo, kama maji ya mtungi yanavyopozwa. Chandarua na dawa ya kujipaka vinahitajika pia. Zanzibar imepunguza malaria kwa kiwango kikubwa, lakini aliyetoka bara akipata homa apimwe mara moja, na mbu waenezao homa ya dengue huuma mchana. Wageni wasio Watanzania wana bima ya safari ya lazima tangu 1 Oktoba 2024. Karatasi yake ikae pamoja na dawa.

Wahudumu wa afya wana nafasi ya kuyazuia mengi kabla ya safari. Mgonjwa anapotaja kwamba atasafiri, maswali manne yanatosha kufungua mazungumzo: utafika saa ngapi, utakula wapi siku hiyo, dozi yako itaangukia wakati gani, na nani atakuwa nawe anayejua dalili za sukari kushuka? Dozi za insulini na dawa za kuongeza mkojo zirekebishwe kliniki kabla ya kuondoka. Mgonjwa asiachwe azikate mwenyewe njiani. Msindikizaji naye afundishwe, kwa sababu mgonjwa aliyechanganyikiwa hawezi kujieleza.

Mwalimu wa Mbeya angeweza kuiona Unguja yote aliyoifundisha, bila kukosa hata kituo kimoja. Alihitaji tu kuipanga upya: mlo na usingizi mchana, Zahanati Kongwe jioni, Mkunazini kesho yake asubuhi akiwa ameshiba, na Changuu kesho kutwa. Binti yake alihitaji kujua kwamba ndani ya mkoba wa mama, kando ya maji, kinapaswa kuwepo kipima sukari na pakiti ndogo ya glukosi.

Aliye na safari iliyo mbele yake aiandike ratiba yake leo, na katika mstari wa siku ya kwanza aandike kwanza saa za kula, za dawa na za kulala. Nafasi itakayobaki ndiyo ya matembezi.