Ukidhuriwa na Dawa, Usinyamaze

Leo tunazungumza juu ya madhara ya dawa.

Umepewa dawa kliniki, hapa Kayole au Dandora. Siku ya tatu mwili unawasha, vipele vimetokea. Jirani anakwambia, "Damu yako imeikataa." Unaitupa, na habari inaishia hapo. Je, ni nani mwingine ameijua?

Kabla ya kuruhusiwa, dawa mpya hujaribiwa kwa watu mia kadhaa au elfu chache. Dhara linalompata mtu 1 kati ya 10,000 huenda lisionekane kamwe. Lakini dawa hiyo ikimezwa na watu 200,000, karibu 20 wataumia. Mmoja yuko Umoja, mwingine Kariobangi, na kila mmoja anadhani ni bahati mbaya yake peke yake. Ripoti zao zikikusanywa pamoja, ndipo ukweli unaonekana.

Chukua mfano wa stavudini, dawa ya kupunguza makali ya Ukimwi iliyotumika sana Kenya katika miaka ya 2000. Ilikuwa ya bei nafuu na iliokoa maisha. Lakini baada ya muda, wengine walipata ganzi na kuchomwachomwa miguuni. Wengine mashavu yalibonyea. Madhara hayo yaliripotiwa katika nchi nyingi, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri iondolewe hatua kwa hatua. Kenya nayo ikaiacha.

Mwaka huo huo wa 2009, Bodi ya Famasia na Sumu ilizindua mpango wa kitaifa wa kufuatilia usalama wa dawa. Fomu ya manjano ni ya madhara. Fomu ya waridi ni ya dawa yenye kasoro, kwa mfano iliyobadilika rangi au harufu.

Basi ufanye nini? Rudi kliniki ukiwa na pakiti ya dawa. Taja dawa zote unazotumia, hata za kienyeji. Mwombe muuguzi au mfamasia aijaze fomu. Usiache dawa za Ukimwi au kifua kikuu bila ushauri. Lakini midomo ikivimba, pumzi ikibana au ngozi ikitoka malengelenge, kimbia hospitali mara moja.

Kumbuka msikilizaji, ripoti yako moja yaweza kumwokoa usiyemjua. Hadi wiki ijayo, kwaheri.