Kadi ya mkopo Mutoshi, Kolwezi: uliza makato kwanza

Kadi uliyopewa na benki ili uchukulie mshahara si kadi ya mkopo. Tuanzie hapo, maana Kolwezi wengi wanazichanganya. Tangu 2011, Serikali ilipoanza kulipa watumishi wake kupitia benki, walimu wengi wana kadi mfukoni. Hiyo inakupa fedha yako mwenyewe, ikiisha, imekwisha. Kadi ya mkopo inakupa fedha ya benki, na benki itaidai.

Tuseme unataka friza ya dola 200, ugandishe maji ya kuuza kabla joto la Oktoba halijapita. Kadi inatoza riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Ukilipa 20 kila mwezi, utamaliza baada ya mwaka hivi, umetoa kama 241. Ukilipa 10, utadaiwa zaidi ya miaka miwili na nusu, na friza ileile itakuwa imekula kama 310. Huenda kufikia hapo umeme wa kukatika-katika umeshaiua.

Ukirudisha zote 200 kabla ya tarehe ya mwisho ya kulipa iliyoandikwa kwenye ankara, kadi nyingi hazitozi riba yoyote kwa ulichonunua. Mtu wa hivyo ndiye kadi inamfaa. Lakini usithubutu kutoa noti kwenye mashine kwa kadi ya mkopo: unakatwa papo hapo, na kwa kawaida riba inaanza kuhesabiwa siku ileile.

Halafu kuna makato ya chinichini. Ada ya mwaka. Ada ya kadi mpya ukipoteza ya kwanza. Na kiwango cha kubadilisha: deni liko kwa dola, wewe unauza maji kwa faranga, na kila unapolipa benki inabadilisha kwa bei yake.

Kadi ya kujaza fedha kwanza haina deni, na inatosha kwa anayenunua kitu intaneti mara mojamoja. Uliza kama wanakata kila mwezi hata ikikaa bila kutumika. Sokoni haitakusaidia sana. Mashine za kadi utazikuta kwenye maduka makubwa na hoteli.

Kwa muuza unga, fedha ya simu ndiyo inayokwenda. Faida yake nyingine ni kwamba hakuna anayekurudishia dola yako eti imechanika pembeni. Ila muuzaji atakuambia "ongeza na ya kutolea", basi ipige hesabu hiyo kabla hujaanza kupatana bei.

Na likelemba, ule mchango wa kupokezana kwa zamu? Watu 10, dola 20 kila mmoja kwa mwezi: 200 zako hizo, bila riba. Tatizo ni zamu. Omba ya mwanzo, na ingia na watu unaojua wanakolala. Banque Lambert, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, iache kabisa. Huko kukopa 200 na kudaiwa 300 mwisho wa mwezi si ajabu.

Kwa hiyo, kama mshahara wa mwezi huu hauwezi kufuta deni lote, friza hiyo inunue kwa likelemba. Kama bado unaitaka kadi, usisaini leo. Mwambie mhudumu wa benki akuandikie kwenye karatasi: dola 200, nalipa 20 kwa mwezi, pamoja na ada zote nitatoa ngapi?