Darasa la Agosti kwa Watahiniwa wa Kibinafsi: Karatasi ya Fasihi katika Pwani ya Kilifi

Kila Agosti, shule zinapofungwa, mwalimu wa Kiswahili wa Malindi, Watamu, Kilifi au Mtwapa hubishiwa hodi na watu wasiokuwemo katika daftari lake la mahudhurio. Mmoja ni dereva wa tuktuk aliyeachia masomo Kidato cha Tatu kwa kukosa karo. Mwingine ni mama anayefanya kazi katika viwanda vya chumvi vya Gongoni, aliyepata D zamani na sasa anataka kusomea ualimu. Hawa ndio watahiniwa wa kibinafsi. Wamejisajili, wanasoma peke yao usiku, na mwezi wa Novemba wataketi katika chumba kimoja cha mtihani na wengine waliofundishwa miaka minne. Makala haya yanakusudia kukueleza, mwalimu mwenzangu, namna ya kuwaendeshea darasa la wiki tatu juu ya karatasi ya fasihi, yaani 102/3. Nawe mtahiniwa unayesoma peke yako, yasome pia, kwani mengi unaweza kujifanyia.

Jambo hili halina nafasi ya kuahirishwa. Wanafunzi wa mwisho wa KCPE waliufanya mtihani huo mwaka wa 2023, kwa hivyo darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4 linatarajiwa kufanya KCSE mwaka wa 2027. Yule aliyezoea kusema "nisipopita mwaka huu nitarudia" hana tena miaka ya kurudia kama waliomtangulia.

Sasa, ni nini hasa anachokosa mtahiniwa wa kibinafsi? Walimu wengi hudhani anakosa maelezo. Basi humpangia mihadhara: leo dhamira, kesho wahusika, keshokutwa mbinu za lugha, mpaka wiki tatu ziishe. Mimi sioni faida kubwa ya mpango huo. Maelezo anayo tele, kwa maana amenunua miongozo, ameazima madaftari ya jirani, amesikiliza vipindi. Asichokuwa nacho ni mtu wa kusahihisha. Yumkini tangu aache shule hajaandika jibu hata moja la fasihi likasomwa na mwalimu na kutiwa alama. Darasa lako la Agosti liwe, kwanza kabisa, mahali pa kuandika na kusahihishiwa.

Natuchukue mfano. Tuseme katika tamthilia ya kubuni, mvuvi aitwaye Charo anamwambia tajiri mwenye mashua: "Bahari haijanidai kitu, wewe ndiwe unayenidai kila siku." Swali linasema: (a) Eleza muktadha wa dondoo hili (alama 4). (b) Taja na ueleze mbinu mbili za lugha (alama 4). (c) Ukirejelea tamthilia nzima, thibitisha kuwa wanyonge wananyanyaswa (alama 12).

Mtahiniwa asiyesahihishiwa huanza hivi: "Maneno haya yalisemwa na Charo. Charo alikuwa mvuvi mwenye watoto watatu na mkewe alikuwa mgonjwa. Siku moja alienda baharini alfajiri..." Ataendelea ukurasa mzima, hadithi ikiwa tamu na ya kweli, na mwisho atapata alama moja au mbili. Muktadha una mambo manne: msemaji, msemewa, mahali na sababu. Sentensi nne zinatosha. Msemaji ni Charo. Anamwambia tajiri mwenye mashua. Wako ufuoni penye mnada wa samaki. Ni baada ya tajiri kukata deni la nyavu katika mapato yake. Alama nne zimepatikana kwa mistari mitano, na dakika kumi zimeokolewa.

Katika (b), wengi hutaja "tashihisi, takriri" wakaishia hapo. Wafundishe kuwa kutaja ni nusu ya kazi. Tashihisi, kwa sababu bahari inazungumziwa kana kwamba ni mtu awezaye kudai; takriri, kwa sababu neno "dai" limerudiwa. Katika (c), maneno mazito ni "tamthilia nzima". Mtahiniwa humng'ang'ania Charo tu, kwa vile ndiye aliyetajwa, akawasahau mjakazi, mchuuzi na mtoto aliyefukuzwa shule. Mwambie apige mstari chini ya maneno hayo kabla ya kuandika chochote. Kisha kila hoja aipe aya yake fupi: hoja yenyewe, anayehusika, na tukio linaloithibitisha.

Ukiona mtu anasimulia badala ya kujibu, usimwandikie tu "hujajibu swali". Mwandikie pembeni hoja aliyoikaribia, umrudishie aiandike upya. Jibu lililoandikwa mara mbili humfaa kuliko majibu mawili mapya.

Utaratibu wa siku nao ni mwepesi. Wakifika, waandike kwanza, kabla hujafundisha lolote. Karatasi ni ya saa mbili na nusu kwa maswali manne, yaani dakika 37 hivi kwa kila swali. Basi wape dakika 37, si zaidi. Baadaye rudisha kazi ya jana, soma jibu moja zuri na moja la wastani bila kutaja majina, mjadiliane. Maelezo yako yatokane na makosa uliyoyaona. Lakini piga hesabu mapema: kusahihisha jibu moja vizuri huchukua dakika sita. Wakiwa ishirini, ni saa mbili kila usiku. Wakiwa arobaini, utaanza kutia alama kwa kukisia, na darasa litakuwa limekufa. Heri uwapokee ishirini uwakatae wengine, au mgawane na mwalimu wa shule jirani.

Siku ya kwanza, kabla ya yote, omba kila mmoja akuonyeshe vitabu anavyosoma. Utashangaa. Aliyetoka shule mwaka wa 2017 bado ameshika Kidagaa Kimemwozea. Wa 2022 anakuja na Chozi la Heri na Kigogo, amevihifadhi kichwani sura kwa sura. Tangu mtihani wa 2023 vitabu teule ni riwaya ya Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, na diwani ya hadithi fupi ya Mapambazuko ya Machweo. Mtu aweza kuijua fasihi barabara na akaanguka kwa kusoma kitabu kisichotahiniwa.

Kununua vitabu vitatu kwa mpigo si jambo jepesi kwa mtu anayelipwa kwa siku. Hapa pana faraja ambayo wengi hawaioni. Karatasi ina sehemu tano za alama 20 kila moja: riwaya, tamthilia, hadithi fupi, ushairi na fasihi simulizi. Mtahiniwa hujibu swali la lazima na mengine matatu, kila swali kutoka sehemu tofauti. Ushairi na fasihi simulizi havidai kitabu teule hata kimoja, na hizo ni alama 40 kati ya 80. Hata hivyo ndizo sehemu zinazokimbiwa. Mwambie mwanafunzi wako kuwa swali la lazima halikai sehemu moja miaka yote. Anayeapa kutogusa ushairi anacheza kamari, na vivyo hivyo anayeacha kitabu kimoja. Ningekushauri wiki ya kwanza uitumie yote kwa sehemu hizi mbili, wakati wenye upungufu wa vitabu wanaazimana.

Tena mtu wa pwani hii ana mtaji wake. Shairi la Kimvita au la Kiamu likileta "mato", "ndia" au "tini", yeye hasumbuki kujua kuwa ni macho, njia na chini. Mwenzake wa bara atakwama. Lakini mtaji huohuo humponza anapoandika "yuwaenda" katika jibu badala ya "anaenda", akidhani kuwa lugha ya nyumbani ni leseni. Mfundishe kuitambua lahaja katika shairi na kuijibu kwa Kiswahili sanifu.

Katika fasihi simulizi, kisa cha Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kumpinga Mwingereza mwaka wa 1913 na kutumia ngoma ya kifudu kukusanya watu, kinakupa kisakale, ngoma na wajibu wa mtambaji kwa pamoja. Mwishoni mwa wiki watume wakamhoji mzee mmoja kijijini juu ya ngano au mviga, kisha waandike walitumia mbinu gani ya kukusanya data na walipata ugumu gani. Swali la utafiti nyanjani likija, watajibu walichokifanya, si walichokariri.

Kuhusu saa za darasa, usiwapangie kama watoto wa bweni. Agosti kusi bado inavuma na baadhi ya wavuvi hukaa nchi kavu, ila wale wa hoteli na tuktuk huwa na kazi kwa sababu ya wageni. Wengine hawawezi kukaa mpaka magharibi kwa ajili ya swala. Waulize kwanza, ndipo uandike ratiba.

Usisahau sheria. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinapiga marufuku masomo ya likizo kwa wanafunzi wa shule. Usiwachanganye watahiniwa wako na watoto wa Kidato cha Nne waliofunga shule, hata wazazi wakikusihi. Ikiwa utatumia chumba cha shule ya umma, pata idhini ya maandishi ya mwalimu mkuu na uijulishe ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Weka orodha ya waliohudhuria pamoja na nakala ya usajili wa kila mmoja, kwa kuwa usajili wa KCSE huwa umekwisha kufungwa kufikia Agosti na aliyekosa kujisajili anafaa kujua hilo kwako mapema.

Wiki tatu zikiisha, kila mmoja atakuwa na majibu kama kumi na tano yaliyosahihishwa. Shule zikifunguliwa utakuwa na darasa lako la kawaida, lakini kubalianeni juu ya jibu moja kwa juma mpaka mtihani. Aliandike kwa dakika 37 Ijumaa usiku, alipige picha kwa simu, akutumie. Wewe utasahihisha Jumapili. Atakayenyamaza majuma mawili mfululizo, mpigie simu.