Wasifu wa Mwanafalsafa wa Dini: Utangulizi kwa Mhariri Mpya wa Wikipedia

Huenda umewahi kusoma katika Wikipedia ukurasa wa mwanazuoni unayemheshimu, ukaona kasoro, kisha ukajiuliza kama una haki ya kubonyeza neno "Hariri". Unayo. Tangu Januari 2001 kamusi elezo hii, yaani hazina ya makala fupi zinazoeleza kila aina ya maarifa, imejengwa na wasomaji wa kujitolea kama wewe. Naipenda kazi hii, hasa wasifu wa wanafalsafa wa dini, kwa kuwa ndipo uadilifu wa mhariri unapopimwa kwelikweli. Tumchukue John Mbiti, mwanafalsafa wa dini kutoka Kenya, awe mfano wetu.

Tuanze na yasiyo na ubishi. Mbiti alizaliwa Kitui, Kenya, mwaka 1931. Alipata shahada ya udaktari Cambridge mwaka 1963, akafundisha Makerere kuanzia 1964 hadi 1974, kisha akaongoza taasisi ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni huko Bossey, Uswisi. Alikuwa kasisi wa Kianglikana, na alifariki mwaka 2019. Hata habari nyepesi kama hizi zinahitaji chanzo, yaani chapisho la kuaminika ambalo msomaji anaweza kulitafuta na kuhakikisha mwenyewe. Mtu aliyefundishwa na Mbiti darasani atauliza: kwani kumbukumbu zangu hazitoshi? Ni za thamani, lakini msomaji hana njia ya kuzipima. Zichapishwe kwanza kwingine, mahali zitakaposomwa na kuhakikiwa.

Sasa tufike kwenye kiini, nami naomba twende polepole. Kanuni kuu ya Wikipedia ni kutopendelea upande. Wengi hudhani maana yake ni kukwepa mambo yenye mabishano, au kuzigawia pande mbili aya zinazolingana. Sivyo. Maana yake ni kumpa kila msemaji kauli yake, kwa uzito ambao kauli hiyo inao miongoni mwa wataalamu.

Katika kitabu chake African Religions and Philosophy cha mwaka 1969, Mbiti alieleza kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati una pande mbili kubwa, alizoziita kwa Kiswahili Sasa na Zamani, na kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo. Sehemu ya ushahidi wake ilitoka katika nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu. Mhariri anayemhusudu ataandika kwamba Mbiti "alithibitisha" jambo hilo, na anayempinga ataandika kwamba "alipotosha". Wote wawili wametoa hukumu isiyo yao. Andika kwamba "alieleza" au "alishikilia", kisha utaje ushahidi alioutegemea. Ndipo umlete mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana, ambaye mwaka 1987 aliipinga hoja hiyo kwa kutumia lugha na fikra za Waakan. Mtaje kwa jina na utaje sababu zake. Maneno kama "baadhi ya watu wamemkosoa" hayamfai msomaji, kwa maana hajui ni nani waliomkosoa wala kwa lipi.

Utaratibu nao una uzito wake. Mimi naona si haki kuweka ukosoaji kabla hoja yenyewe haijaelezwa vizuri kiasi cha wafuasi wa Mbiti kuitambua. Wala si haki kuurundika mwishoni mwa ukurasa kama orodha ya mashtaka. Uweke palepale hoja inapojadiliwa.

Swali gumu zaidi ni la imani. Mshairi na mwanazuoni Okot p'Bitek wa Uganda aliwalaumu wanazuoni, Mbiti akiwemo, kwa kuieleza miungu ya Kiafrika kwa sifa zilizotoka katika teolojia ya Kikristo na falsafa ya Kigiriki. Lawama hiyo ina mwenyewe, nayo inastahili nafasi. Lakini wewe ukiandika, bila chanzo, kwamba Mbiti aliona hivi kwa sababu alikuwa kasisi, umefanya kinachoitwa utafiti asilia, yaani hitimisho lililozaliwa kichwani mwa mhariri. Hilo litaondolewa, na ndivyo inavyopasa. Uwe Mkristo, Mwislamu, mfuasi wa dini ya jadi au usiye na dini, kazi yako hapa si kuamua kama Mungu yupo. Ni kueleza kwa uaminifu Mbiti alifikiri nini juu ya Mungu, na wenzake walimjibu nini.

Na mwenzako akiifuta kazi yako? Usiirudishe kwa hasira. Kila ukurasa una historia inayohifadhi mabadiliko yote, hivyo hakuna kilichopotea. Upo pia ukurasa wa majadiliano, ambako wahariri huelezana sababu zao. Weka chanzo chako pale, uliza, na umsikilize mwenzako.

Wanafikra wetu wengi bado wana kurasa fupi mno kwa Kiswahili. Chagua mmoja ambaye vitabu vyake unavyo mkononi, usome historia ya ukurasa wake na majadiliano yake, kisha uongeze sentensi moja yenye chanzo. Tunakungoja.